Bunduki ya Mtumba: Itazame Kinywani Kwanza

Ndugu msomaji, nguo za mtumba unazijua. Zilivaliwa na mtu mwingine, katika nchi nyingine, kisha zikafika gulioni kwetu. Unazinunua kwa bei nafuu, unazifua, unazivaa. Je, umewahi kusikia bunduki ya mtumba?

Bunduki ya mtumba ipo. Ni bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi. Jeshi likiletewa bunduki mpya, za zamani hubaki ghalani. Hupakwa grisi nzito, hupangwa katika masanduku na kukaa humo miaka mingi. Baadaye serikali yake huziuza. Katika nchi kama Marekani na Canada watu wa kawaida huzinunua kwa kufuata sheria za huko. Wengine huzinunua kwa kuwinda. Wengine huziweka nyumbani kama kumbukumbu ya historia, kama mzee anavyoweka fedha za rupia za wakati wa Mjerumani.

Mimi ni bwana shamba. Huenda utauliza, bwana shamba na bunduki wapi na wapi? Naandika kwa sababu ya ngiri, nguruwe pori na nyani. Kila mwaka mahindi yanapotoa mbelewele wakulima huniuliza habari za bunduki. Siku hizi vijana hunionyesha katika simu zao picha za watu wa Marekani wakifungua sanduku la bunduki za zamani za jeshi. Husema, "Bwana shamba, tazama, huko bunduki ni rahisi. Kwa nini na sisi tusitafute moja?" Nimeona niwajibu kwa maandishi, maana jambo hili lina mambo mengi ambayo picha ya simu haionyeshi.

NI BUNDUKI GANI HIZO?

Ziko za aina nyingi, lakini nne zinajulikana sana. Ya kwanza ni Mauser ya Ujerumani, ya mwaka 1898. Ya pili ni Lee-Enfield ya Uingereza, ambayo wazee wetu waliopigana katika jeshi la KAR huko Burma waliibeba mabegani. Ya tatu ni Mosin-Nagant ya Urusi, iliyoanza mwaka 1891 na kutengenezwa kwa mamilioni. Ya nne ni Garand ya Marekani, iliyokubaliwa na jeshi lao mwaka 1936.

Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, maghala yake yalifunguliwa. Bunduki nyingi za Mosin zilipelekwa Marekani. Katika miaka ya 2000 mtu aliweza kununua moja kwa chini ya dola 100. Ndipo sifa ya "bunduki rahisi" ilipotoka. Leo masanduku yale yamekwisha, na bei imepanda mara kadhaa. Kwa hiyo picha nyingi ambazo vijana huziona ni za siku zilizopita.

Tena msidhani huko watu hununua kama wanavyonunua nyanya. Garand, kwa mfano, huuzwa na shirika liitwalo Civilian Marksmanship Program, ambalo mpango wake ulianza mwaka 1903. Mnunuzi sharti awe raia, awe mwanachama wa chama cha kulenga shabaha kinachotambuliwa, na kumbukumbu zake zikaguliwe kuona kama amewahi kuwa mhalifu.

Canada kuna walinzi wa kijiji wa nchi za baridi kali, waitwao Canadian Rangers. Walipewa Lee-Enfield mwaka 1947. Walizitumia kwa miaka zaidi ya 60 kujilinda na dubu weupe na kutafutia kitoweo. Zilipendwa kwa kuwa hazigandi ovyo katika baridi. Basi bunduki kuukuu si lazima iwe mbovu. Lakini nzuri na mbovu hufanana sana kwa nje.

NA SISI TULIPATA MTUMBA

Jambo hili si geni kwetu. Katika karne ya 19 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kujaza baruti kwa mdomo wa mtutu, yakachukua za kujaza kwa nyuma. Zile za zamani zilikwenda wapi? Nyingi zilipakiwa melini, zikauzwa Afrika. Zilipitia Zanzibar na bandari za pwani, zikabebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha 80,000 hadi 100,000 ziliingia bara kila mwaka kupitia bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba huko Brussels wa kuzuia biashara hiyo. Magobore ya babu zetu, mengi yalikuwa mtumba wa majeshi ya Ulaya.

Hata askari wetu waliochukuliwa na Mjerumani walipewa mtumba. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, kombania nyingi za askari wa Kiafrika zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871. Bunduki hiyo ilitumia baruti ya moshi. Askari akipiga risasi moja, wingu jeupe lilitanda mbele yake, na adui akajua mahali alipo. Mwaka 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens ilifika ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki mpya zaidi. Vita vilipomalizika mwezi Novemba 1918, kikosi cha Wajerumani kilijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, kikiwa na bunduki nyingi za Waingereza na Wareno zilizotekwa vitani.

Nimeyaeleza haya kwa sababu moja. Katika nchi yetu zilipita bunduki za mataifa mengi na za nyakati nyingi, na kila moja ilikuwa na risasi yake.

RISASI NA CHEMBA

Ndugu msomaji, hapa nakuomba usome polepole.

Chemba ni chumba kilicho nyuma ya mtutu, ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa. Risasi ina sehemu nne. Kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Kuna ganda la shaba. Ndani ya ganda kuna baruti. Na kwenye kitako cha ganda kuna fataki, ambayo hupigwa na pini. Baruti ikiwaka hutoa gesi yenye nguvu nyingi mno. Gesi hiyo husukuma kichwa mbele. Lakini husukuma na nyuma pia, kuelekea uso wako. Kinachoizuia ni ganda na boliti, yaani kile chuma unachokivuta na kukirudisha kufunga chemba.

Kama risasi si ya chemba hiyo, gesi hutafuta njia nyingine. Bunduki hupasuka, na mtu hupoteza jicho, vidole au uhai.

Hatari ni kwamba risasi mbili zinaweza kufanana kama mapacha. Nitatoa mifano miwili.

Wajerumani walikuwa na bunduki ya mwaka 1888 yenye risasi ya kichwa cha milimita 8.1 hivi. Mwaka 1905 walibadili, wakatumia kichwa kinene zaidi kidogo, cha milimita 8.2, na baruti yenye nguvu zaidi. Ganda ni kama lilelile. Mtu akitia risasi ya 1905 katika mtutu wa zamani ambao haukurekebishwa, inaingia. Boliti inafungika. Mtu anaona mambo ni sawa. Lakini kichwa kinene kinalazimishwa kupita katika tundu jembamba, na nguvu ya gesi inapanda kupita kiasi. Tofauti yenyewe ni ndogo kuliko unene wa ukucha.

Mfano wa pili ni Lee-Enfield. Risasi yake ya asili huitwa 303. Lakini katika miaka ya 1960 kiwanda cha Ishapore huko India kilitengeneza bunduki za umbo hilohilo zinazotumia risasi nyingine, ya milimita 7.62. Mtu asiyejua akizitazama bunduki hizo mbili ukutani ataziita ndugu wa tumbo moja. Risasi ya moja si ya nyingine.

Kwa hiyo huko kwenye biashara halali mnunuzi mwenye akili haulizi, "Hii inapiga risasi gani?" na kutosheka na jibu la muuzaji. Husoma maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. Kisha humpelekea fundi wa bunduki, akapima chemba kwa vipimo maalum vya chuma. Fundi hupima pia nafasi iliyopo kati ya uso wa boliti na kitako cha ganda. Nafasi hiyo ikizidi, ganda hunyooka na kukatika, na gesi moto hurudi nyuma. Lee-Enfield namba 4 ina vichwa vya boliti vya saizi tofauti, kutoka 0 hadi 3, ili fundi aweze kuirekebisha nafasi hiyo.

Zaidi ya hapo, boliti haziazimwi. Katika majeshi mengi boliti ilipatanishwa na bunduki yake, na namba ileile ikagongwa pande zote mbili. Ghalani boliti huweza kuchanganywa. Namba zikitofautiana, si lazima bunduki iwe mbovu, lakini isipigwe hata mara moja kabla ya fundi kuipima.

MHUNZI ALIYEPIMA MOTO KWA MACHO

Wengi wetu tumemwona mhunzi kazini. Anatia chuma motoni, anavukuta, anatazama rangi. Chuma kikiwa chekundu hivi, bado. Kikiwa cha manjano, kimezidi. Mhunzi hodari hakosei sana, na jembe likivunjika hakuna anayekufa.

Marekani walikuwa na bunduki iitwayo Springfield ya mwaka 1903. Kiwandani mafundi wao nao walipima moto wa chuma kwa macho. Siku ya jua kali chuma cha moto huonekana hafifu, na fundi huongeza moto. Siku ya mawingu huonekana kimekolea. Hivyo baadhi ya vyuma viliungua kupita kiasi, vikawa vigumu lakini vyepesi kuvunjika kama kioo. Mwaka 1917 baadhi ya bunduki zilipasuka mikononi mwa watu. Uchunguzi ukafanywa, na njia ya kuchoma chuma ikabadilishwa mwaka 1918. Zile zilizotengenezwa mjini Springfield zenye namba chini ya 800,000 hushukiwa mpaka leo. Kwa macho zinang'aa. Kwa mkono ni imara. Anayejua husoma namba tu, akairudisha ukutani.

CHUMVI KATIKA MTUTU

Ukinunua maksai mnadani hutazami pembe peke yake. Unamfungua kinywa, unahesabu meno. Bunduki nayo ina kinywa. Kwanza hakikisha haina risasi, tena hakikisha mara ya pili. Boliti ikitolewa, mtutu hutazamwa kutoka nyuma kuelekea kwenye mwanga. Ndani kuna mifereji iliyojipinda kama nyuzi za skrubu. Hiyo ndiyo huzungusha kichwa cha risasi kiende sawa. Mifereji ikiwa mikali na inang'aa, vizuri. Ikiwa imefutika, au ndani kuna vishimo vyeusi kama ngozi ya mgonjwa wa ndui, bunduki hiyo haitalenga.

Vishimo hivyo hutoka wapi? Fataki za risasi nyingi za zamani za jeshi zilikuwa na kemikali ambayo ikiungua huacha chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na unyevu huleta kutu. Wewe unayejua jembe lililoachwa karibu na gunia la chumvi huhitaji maelezo zaidi. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Dawa yake ni maji ya moto kwanza, kukausha vizuri, kisha mafuta. Askari wengi vitani hawakuwa na nafasi ya kufanya hivyo kila jioni.

Ile grisi ya ghalani nayo sharti iondolewe yote, hasa ndani ya mtutu na chemba. Na risasi za zamani huweza kuchelewa kuwaka. Mtu anafyatua, kimya. Akifungua boliti haraka kutazama, inawaka usoni. Kanuni ni kuelekeza mtutu mahali salama na kungoja nusu dakika au zaidi kabla ya kugusa kitu.

VITA SI UWINDAJI

Bunduki ya jeshi ilitengenezwa kumpiga mtu aliye mbali. Mauser nyingi za 1898 zilikuwa na kipimo cha chini cha kulengea cha meta 400. Mwindaji hupiga mnyama aliye meta 80 au 100. Akilenga katikati ya bega, risasi hupita juu. Sharti mtu ajifunze kulenga chini, au fundi abadili kipimo.

Kichwa cha risasi nacho ni tofauti. Mwaka 1899, katika mkutano wa The Hague, mataifa yalikubaliana kutotumia vitani vichwa vinavyopanuka mwilini. Kwa hiyo risasi ya jeshi imefunikwa yote kwa chuma kigumu. Inapenya na kutokea upande wa pili. Mnyama hukimbia na jeraha, akafia mbali, nyama ikaoza, fisi wakala. Au hafi, akawa mkali. Mwindaji hutakiwa kutumia risasi yenye ncha laini, na sehemu nyingi za Marekani sheria inakataza kuwinda swala wao kwa risasi ya jeshi. Kwa maoni yangu mtu anayekwenda porini na risasi za jeshi kwa sababu ni rahisi si mwindaji.

Anayenunua kwa kumbukumbu ana shida nyingine. Huyo anataka mbao ileile, namba zilezile, na mihuri ileile, kama taji na herufi za mfalme kwenye Lee-Enfield. Akiipiga msasa na kuitia vanishi amefuta historia na thamani pamoja. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu wengi walikata mbao na mitutu ili bunduki ziwe nyepesi kwa kuwinda. Wakusanyaji hawazitaki hizo. Kwa mwindaji ni za kufaa tu, tena bei yake ni ndogo.

NA HAPA KWETU?

Sasa turudi kwa vijana wangu wa simu. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huwezi kununua bunduki kwanza kisha ukatafuta kibali. Kibali hutangulia. Maombi huanzia kwa viongozi wa mahali unapoishi na kupitia polisi, nao hutazama tabia yako, sababu yako na mahali utakapoiweka. Anayekuletea bunduki usiku akakuambia, "Toa kidogo, karatasi zitafuata," anakuletea kifungo. Tena hujui bunduki hiyo imefanya kazi gani kabla ya kufika kwako. Ukikutwa nayo, maswali yote utajibu wewe.

Leseni ya bunduki si leseni ya kuwinda. Uwindaji uko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na una kibali chake, wanyama wake na majira yake. Nchi jirani ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, kwa hiyo ninyi mlio mpakani msimfuate mnyama akivuka.

Kuhusu ngiri na nguruwe pori wanaokula mahindi yenu, mpelekeeni habari afisa wanyamapori wa wilaya mapema, kabla mahindi hayajakomaa. Limeni mashamba yenu yakikaribiana, ili walinzi wachache waweze kulinda eka nyingi. Fyekeni vichaka vya kandokando, maana nguruwe pori hapendi kuvuka mahali palipo wazi. Bunduki moja kuukuu isiyojulikana risasi yake haitalinda kijiji.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo huulizwa kwa sauti ya chini. Mzee amefariki, na watoto wakibomoa nyumba wanakuta bunduki ya kale darini, imefungwa kwa ngozi au gunia. Wafanye nini? Msiivute boliti. Msiipige nyundo kutoa kutu. Msijaribu kama inalia. Inaweza kuwa na risasi ndani tangu siku za babu, na baruti hukaa miaka mingi bila kufa. Waondoeni watoto, iacheni palepale, mtu mmoja abaki kulinda, na mwingine aende kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi kutoa taarifa siku hiyohiyo. Mara kwa mara Serikali hutangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari, lakini msingoje tangazo. Polisi wakija kuichukua, ombeni maandishi ya kuonyesha namba ya bunduki, tarehe, na jina la aliyeipokea, kisha yawekeni pamoja na karatasi nyingine za marehemu.